Antena Katikati ya Chai

Vijana wa dukani, siku mliyoniaga mlinipa saa ya ukutani, kana kwamba mtu aliyestaafu ana haraka ya kujua ni saa ngapi. Nashukuru, inatembea vizuri. Mliniomba pia niandike kidogo jinsi kazi ilivyokuwa kabla ya ving'amuzi, nami nikakubali nikidhani mtasahau. Hamkusahau. Basi haya hapa. Vyeo na mishahara sitaigusa, kwa sababu haikuwa ya kugusika.

Nyinyi mnafunga king'amuzi, mnatazama asilimia ikipanda kwenye kioo, na picha inatokea safi au haitokei kabisa. Dijitali haijui mambo ya katikati. Picha zetu za zamani zilikuwa na ngazi. Kulikuwa na chenga tupu, halafu chenga zenye mtu ndani, halafu mtu mwenye kivuli, halafu mtangazaji mwenye vichwa viwili, na mteja mvumilivu alifika mahali akampenda hata yule wa pili. Kitu kimoja tu hakijabadilika. Mlipopeleka ving'amuzi vya bure kule Mogogosiek, mlirudi mkicheka kwamba watu wanawauliza, "Ni bure kweli, ama ni bure ya mwezi wa kwanza?" Swali hilo niliulizwa mimi miaka ya tisini, na watu walewale, au wazazi wao. Nilikuwa nawaambia picha inakuja hewani bila malipo, nao wanaangalia hewa, wananiangalia mimi, wanaona kuna mmoja wetu anayewadanganya.

Mimi nilizaliwa katika nyumba za wafanyakazi wa mashamba ya chai hapa Kericho. Baba alitoka kule ziwani akaja kufanya kazi kiwandani, akakaa. Kwa hivyo mimi ni Mjaluo wa majani chai: samaki nilikuwa namwona kwa wageni, na ulimi wangu ulirithi kila kitu cha nyumbani, pamoja na kushindwa na ile "sh". Mpaka leo nikikwambia nenda shambani, utasikia "sambani". Liwekeni hilo akilini, lina kazi yake mbele.

Aliyenifundisha kazi ni Bwana Njoroge, mwenye duka la redio nyuma ya soko. Siku yangu ya kwanza sikuwa nimekaa vizuri kwenye stuli alipoingia mkulima kutoka Kedowa, amebeba televisheni imefungwa kwenye blanketi kama mgonjwa. Akaiweka juu ya meza akasema tumemwibia. Hapa dukani aliona watu ndani yake, wakicheza mpira, na alipofika nyumbani akaona mvua peke yake. Alitaka tumrudishie wale watu. Mimi nilikuwa nimeshaanza kucheka, Njoroge akanikanyaga mguu chini ya meza. Akamvutia mteja kiti, akamwambia kwa upole, "Mzee, umenunua ng'ombe mzuri sana. Sasa hujampa nyasi." Akamwonyesha antena iliyokuwa juu ya duka, akamweleza kwamba nyasi zinatoka kule. Mkulima akaelewa mara moja. Mimi nilikuwa na cheti cha ufundi na sikuwa nimewahi kuielewa antena vizuri namna hiyo.

Njoroge alikuwa na sheria moja kubwa kuliko zote: usipande juu ya nyumba ya mtu kabla ya kunywa chai yake. Nilidhani ni ulafi. Kisha siku moja, nyumba moja ya Boito, nikajifanya mtu wa haraka, nikakataa chai, nikapanda. Bati lilikuwa limeoza upande wa jikoni na kila mtu pale nyumbani alijua isipokuwa mimi. Miguu yangu ilifika sebuleni kabla yangu, ikaning'inia juu ya mchungaji aliyekuwa akiombea chakula. Aliongeza sentensi mbili katika yale maombi, kisha akasema amina. Toka siku hiyo nilikunywa chai kila boma, na mursik, yale maziwa ya kibuyu, nikiletewa, na watu wakishakunywa na wewe wanakuambia bati lipi bovu, mbwa yupi mkali, na ndugu yupi haongei na nani. Hayo yote ni mambo ya antena.

Vyombo vyetu vilikuwa vichache. Spana, koleo, roli ya waya, mabomba ya alumini, na televisheni moja ndogo ya kupimia, nyeusi na nyeupe, niliyoibeba mgongoni kwa leso. Akina mama wa Boito walikuwa wakiniuliza mtoto ananyonya vizuri. Umeme ulikuwa wa mjini na wa viwandani. Vijijini televisheni ilikula betri ya gari, na betri ilisafiri kwenda kuchajiwa mara nyingi kuliko mwenyewe alivyosafiri. Wengine walijitengenezea antena zao, za vifuniko vya sufuria, za spoku za baiskeli. Mama mmoja alitumia wavu wa banda la kuku na picha yake ikawa safi kuliko ya kwetu dukani. Njoroge aliitazama kwa muda mrefu, halafu akaniomba nisimwambie mtu.

Hivyo ndivyo televisheni ilivyoingia katika nchi hii ya chai, boma moja baada ya jingine. Wa kwanza katika kijiji alipoteza sukari yake yote, kwa sababu kila jioni alikuwa na wageni na mgeni hawezi kutazama mkavu. Wa pili alinunua ili apumzike na maringo ya wa kwanza. Wazee wa kanisa walihubiri dhidi yake, kisha wakatuita mmoja mmoja, na kila mmoja akatueleza kwamba yeye anaitaka kwa ajili ya habari tu. Watu wote walinunua kwa ajili ya habari tu. Kwa miaka yangu yote sikuwahi kumfungia mtu antena kwa sababu nyingine.

Lakini nyumba moja ilikuwa ya habari kweli, na ndiyo ninayotaka kuwaeleza, kwa sababu ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya.

Ilikuwa huko Boito, miaka ya tisini ikielekea ukingoni. Mama mmoja, tuliyemwita Mama Chelangat kwa jina la kifungua mimba wake, alikuja dukani akanunua televisheni kwa pesa za maziwa yake, akasema anataka ifungwe Jumapili na ishike kabla ya saa moja jioni. Njoroge akamwambia Jumapili hatufanyi kazi. Mama akasema Jumapili hiyo, saa moja, binti yake Chelangat atasoma taarifa ya habari kwa Kiswahili kwenye televisheni ya taifa, mara yake ya kwanza. Njoroge akanigeukia akaniambia Jumapili ninafanya kazi.

Nilifika baada ya kanisa. Nilipoiona ile nyumba nilitaka kurudi. Imekaa chini kabisa, karibu na mto, na pande zote mbili chai inapanda mlima. Mtambo wa kurushia matangazo ulikuwa mbali, nyuma ya vilima, upande wa Londiani. Nyumba ya namna hiyo tuliiita sufuria: mawimbi yanapita juu ya mdomo wake, huko chini hakuna kitu. Nikapokewa kwa salamu ya Kikalenjin, chamgei, nikajibu chamgei mising, nikanywa chai kama sheria ilivyotaka, na kwenye chai nikaambiwa yaliyobaki.

Mwenye boma, mzee arap Koros, alikuwa amekaa nje kwenye kigoda, ameipa mgongo nyumba yake mwenyewe. Mama akanieleza kwa sauti ya chini kwamba baba na binti hawaongei. Chelangat alikuwa amepata nafasi chuo cha ualimu, mzee akauza ndama wake bora kwa ajili hiyo, halafu binti akaacha ualimu akaenda Nairobi kutafuta kazi ya kutangaza. Mzee akasema katika nyumba hii hatajwi mpaka arudi kwa akili zake. Miaka ilikuwa imepita. Binti alikuwa akiandika kwa mama, na mama akijibu kwa mkono wa jirani. Televisheni hiyo, mzee alisema, ni mambo ya wanawake, yeye haimhusu. Jambo moja nililiona mimi mwenyewe: kigoda chake kilikuwa karibu sana na dirisha kwa mtu ambaye jambo halimhusu.

Nikapanda. Kazi ya antena, kama mnakumbuka, au tuseme kama mlisikia, ni ya watu wawili. Mmoja yuko juu anazungusha, mwingine yuko ndani anatazama na kupiga kelele. Mama alikaa ndani, lakini sauti yake ilikuwa ndogo, ya mtu aliyelelewa vizuri, haikuvuka bati. Nikizungusha na kuuliza, nasikia kimya. Mzee akavumilia, akavumilia, mwisho hasira zikampanda, si kwa mama, si kwangu, ni kwa ile kazi kufanywa vibaya mbele yake. Akaanza kurudisha maneno ya mama kwa sauti ya kuitia ng'ombe.

Mama akisema "bado", yeye anarusha juu. Nami nikazungusha kidogo upande wa Londiani, nikauliza, na mzee akanguruma, "Pato!"

Nikasikia "pata". Nikafurahi. Nikatoa spana nikakaza. Nikauliza tena ili nihakikishe, akajibu kwa nguvu zaidi, "Pato! Pato!" Nikakaza kwa nguvu zaidi. Nikafunga waya kwenye mlingoti, nikashuka nikifuta mikono, nikaingia ndani kama bwana harusi. Kwenye kioo kulikuwa na chenga ambazo sijawahi kuona mfano wake, hata sauti ilikuwa chenga.

"Mama," nikasema, "si mlisema imepata?"

"Mimi nilisema bado," mama akajibu.

Mzee akasimama dirishani. "Na mimi nikasema vilevile. Pato."

Tukatazamana sisi watatu. Mama ndiye aliyeelewa kwanza. Alishika mlango, akacheka mpaka akakaa chini, na mimi nikacheka, kwa sababu mimi ninayesema "samba" nilikuwa sina haki ya kuhukumu ulimi wa mtu. Nikamwambia mzee kosa ni letu sote wawili, tungempata Mkikuyu wa tatu hapo hata "antena" tungeisikia "atena". Nilidhani atacheka. Hakucheka. Alivua kofia, akaitazama ndani.

"Wewe umesikia vibaya hapa juu ya bati," akasema polepole. "Kenya nzima itasikia nini?"

Sikumwelewa. Akaja mpaka mlangoni, mara ya kwanza kuivuka ile baraza tangu nifike.

"Habari ni ya Punge," akasema. "Kila siku ni Punge. Atasema Punge mbele ya watu, na watacheka."

Ndipo akatueleza jambo ambalo hata mama, kwa jinsi alivyomtazama, nafikiri hakuwa amelisikia lote. Alipokuwa kijana aliwahi kusimama katika mkutano wa wakulima, amevaa koti, kuuliza kuhusu bei ya mbolea. Swali alikuwa amelifikiria wiki nzima, na lilikuwa swali zuri. Lakini lilitoka "pei ya mpolea", na wale wakubwa waliokuwa mezani wakacheka, kisha mkutano wote ukacheka kwa kufuata wakubwa, na swali likapotea. Hakusimama tena katika mkutano wowote. Alitaka Chelangat awe mwalimu wa hapa nyumbani, wa watoto wanaosema kama yeye, mahali ambapo hakuna mtu wa kumcheka. Hakuwa amemkasirikia binti yake hata kidogo. Alikuwa anaogopa kwa niaba yake, na hofu ya baba mara nyingi hutoka nje imevaa hasira, kwa sababu hiyo ndiyo nguo aliyonayo.

Baada ya hapo hatukuwa na muda wa kucheka. Nilijua sasa kwamba ile televisheni isiposhika kabla ya saa moja, mzee ataambiwa na watu wengine jinsi binti yake alivyosema, na watu wengine huongeza chumvi.

Nikaamua mambo mawili. La kwanza, hakuna maneno tena. Nikampa mama debe tupu na mwiko: picha ikiwa mbaya apige, ikiwa nzuri anyamaze. La pili, antena ishuke kwenye bati, nitembee nayo shambani nitafute mahali mawimbi yanapoangukia, kama mtu anayetafuta maji. Nikaifunga kwenye mti mrefu wa mkaratusi uliokatwa, nikaubeba begani, nikaunganisha waya wote niliokuwa nao, nikaanza kupanda mlima katikati ya mistari ya chai, na nyuma yangu debe likilia.

Sikufikiria maana ya debe Boito. Debe likilia mchana huko, ni nyani wameingia kwenye mahindi. Kabla sijafika nusu ya shamba, majirani walikuwa wanashuka pande zote na fimbo na mbwa, wakiuliza wamekimbilia wapi. Mama akawaambia hakuna nyani, kuna Chelangat kwenye televisheni. Hakuna aliyerudi nyumbani. Waliweka fimbo ukutani, wakaingia, na mbwa wakalala barazani. Mzee alipoona boma limejaa, uso wake ulizidi kuwa mgumu, kwa sababu sasa hata kama binti atachekwa, atachekewa hapa hapa sebuleni kwake.

Niliipata picha juu kabisa, mwisho wa waya, katikati ya chai. Debe lilinyamaza ghafla, na kule chini nikasikia watu wakishangilia. Nikasogeza mguu mmoja, debe likaanza. Nikarudisha, likanyamaza. Ilikuwa sehemu ndogo tu, upana wa mtu na kikapu chake, na antena ililazimika kuinama kidogo kuelekea mlimani badala ya kuelekea mtamboni, jambo ambalo Njoroge hakuamini mpaka anakufa. Ilikuwa inapokea picha iliyogonga mlima ikarudi. Nilihitaji kuchimba shimo, na jembe lilikuwa nyumbani, na wingu la Boito, ambalo halijawahi kumsubiri mtu amalize kazi, lilikuwa limeshafika juu yetu. Kisha nikasikia kutoka chini kwamba picha inapanda na kushuka, kama pazia. Hilo nililijua: ni betri kuchoka, na kitufe cha kutafutia stesheni kinahitaji mkono wa fundi, muda wote, kidogo huku kidogo kule. Fundi alikuwa juu mlimani ameshika mti.

Vijana wawili wa jirani wakaanza kupanda kuja kunipokea. Mzee arap Koros akawazuia.

"Mtakanyaga chai yangu," akasema.

Wakamwambia watapita katikati ya mistari, kama kila mtu anavyopita. Akasema hapana, wao wana miguu mikubwa. Akapanda yeye mwenyewe, amejifunga ile nailoni ya kuchumia chai kiunoni na nyingine kichwani, kwa maana mvua ilikuwa imeanza, ile nyembamba isiyo na radi. Ingekuwa na radi nisingemwachia, na nyinyi msije mkamwachia mtu. Akaushika ule mti kwa mikono yote miwili. Nikamwonyesha pa kukanyaga na jinsi ya kuinamisha. Nikamwambia, "Mzee, kutoka hapa huwezi kumwona wala kumsikia."

"Shuka," akasema. "Saa inafika."

Nikashuka mbio. Sebule ilikuwa imejaa mpaka madirishani. Nikapiga magoti mbele ya televisheni, mkono kwenye kitufe, na saa moja ikafika, na akatokea. Alikuwa na kichwa kimoja tu, namshukuru Mungu. Msichana mwembamba mwenye kola nyeupe, anatutazama sisi sote bila kutujua. Sauti ilikuwa na mchanga ndani yake lakini maneno yalisikika. Alisoma ya rais, akasoma ya mafuriko, na mimi nilikuwa nimeng'ang'ania kitufe kama mimi ndiye niliyemzaa. Kisha akavuta karatasi nyingine, akainua macho, akasema kwamba Bunge linatarajiwa kurejelea vikao vyake. Bunge. Ile "b" ilitua kama gunia la majani kwenye mizani. Jirani mmoja nyuma yangu akairudia kimya kimya, kama anaionja, na mwingine akasema, "Huyo ni wetu." Hakuna aliyecheka.

Mama Chelangat hakusikia Bunge. Alikuwa anatazama shingo ya mtoto wake. "Amekonda," alisema, na machozi yakawa yanamteremka bila yeye kuyafuta.

Nikamwomba jirani mmoja ashike kitufe hivyohivyo, nikatoka mlangoni, nikaita kule juu nikamwambia mzee kwamba binti amesema Bunge, amesema vizuri kuliko hata spika mwenyewe. Nikamwambia aniachie mti aje aone, bado zimebaki habari za michezo. Giza lilikuwa linaingia na mvua ikiendelea. Niliona tu ile nailoni nyeupe ikitikisika, ikikataa. Angeachia mti, picha ingeondoka kabla sijafika, na mama angekosa hata dakika moja. Kisha ile sauti ya kuitia ng'ombe ikaniamuru nirudi ndani.

Taarifa iliisha. Chelangat akawatakia watazamaji jioni njema, na sebule nzima ikamwitikia. Ukaja muziki, zikaja picha za tangazo la sabuni. Majirani walichukua fimbo zao na mbwa wao, wakampa mama mkono mmoja mmoja kama wanaotoka arusini, wakaondoka wakibishana kama Chelangat amechukua pua ya mama au ya baba. Nikachukua tochi nikapanda shambani.

Mzee alikuwa amesimama palepale nilipomwacha. Maji yalikuwa yanamchuruzika kutoka kwenye nailoni mpaka kwenye viatu vya mpira, na mikono yake ilikuwa imekaza kwenye ule mti mpaka nikaona itabidi tuifungue kidole kimoja kimoja. Hakuwa ameuachia uinuke wala uiname.

"Mzee, shusha," nikamwambia. "Imeisha. Ameshaenda."

Akatazama kule chini, kwenye dirisha lililokuwa linawaka rangi ya samawati, mama peke yake ndani yake.

"Tuache kidogo," akasema. "Labda atarudi."

Nikateremka tena mpaka nyumbani, nikamwambia mama asizime.